Sitara na Maji ya Bondeni

Sitara alikuwa na kitanda chake mwenyewe. Kilikuwa kitanda namba kumi na nne, karibu na dirisha, chenye blanketi la kijivu. Kabla ya kwenda shule ya bweni alilala mkeka mmoja na bibi yake, katika chumba cha kupanga Kariakoo. Baba yake alikuwa amefariki. Mama yake, Zamzam, alilima mchicha katika bonde la Jangwani na kuuza sokoni.

Shule ile ilikuwa mbele ya Magomeni. Iliwachukua mabinti wa wajane na wa watu wasio na uwezo. Sare walipewa. Sabuni walipewa kila Jumamosi, kila mtu kipande chake. Asubuhi ilikuwa kengele, kisha ufagio, kisha uji, kisha darasa. Jioni walilima bustani ya shule, maana zile zilikuwa siku za kujitegemea. Tuta la Sitara lilistawi kuliko yote.

"Wewe ulizaliwa kwenye mchicha," wenzake walimtania.

Lakini Sitara alikuwa na siri. Tangu masika, kila alipokwenda haja ndogo, alisikia moto. Matone ya mwisho yalikuwa mekundu. Usiku aliamka mara tatu, mara nne. Mchana alisinzia darasani, na mwalimu akamwita mvivu. Sitara alifua nguo yake ya ndani kabla ya kengele, akaificha chini ya godoro ikauke. Mambo ya sirini hayasemwi. Ndivyo alivyolelewa.

Ikafika likizo fupi ya siku nne. Sitara akaenda nyumbani. Siku ya pili mama yake akamkuta uani anafua. Akaona doa.

"Mama!" Zamzam akaita. "Mama, njoo uone!"

Bibi Sabaha akatoka mbio, kanga begani. Alikuwa kungwi, mwalimu wa wanawali, na mtaa mzima ulimjua. Alilitazama doa, akapiga kigelegele hata kuku wakatawanyika.

"Mwana kavunja ungo! Nimewafunda mabinti wa Kariakoo mpaka majina nimeyasahau. Leo zamu ya mjukuu wangu!"

"Bibi," Sitara alisema kwa sauti ndogo, "mimi nadhani si..."

"Nyamaza! Mwali hasemi."

Siku hiyohiyo Sitara akatiwa ndani, nyuma ya pazia. Angekaa humo mwezi mzima, kisha angechezewa ngoma na kutolewa nje. Haruhusiwi kuonekana. Haruhusiwi kuzungumza.

"Na shule, mama?" Zamzam aliuliza.

"Shule ina miguu? Itakimbilia wapi?"

Kweli, shule haikuwa na miguu. Lakini kitanda namba kumi na nne kilikuwa na wanaokingoja. Kanuni ya shule ilikuwa hii: mwanafunzi asiyerudi wiki mbili baada ya shule kufunguliwa, tena bila taarifa, nafasi yake hupewa mwingine. Sitara aliijua kanuni hiyo. Nyuma ya pazia alihesabu siku kwa vidole. Vidole vya mkono mmoja vikaisha. Akaanza mkono wa pili. Na matone mekundu hayakukoma.

Siku ya kumi, asubuhi, sauti ikasikika mlangoni.

"Hodi, wenyewe!"

Sitara aliitambua sauti hiyo. Alikuwa Matroni Severa, mlezi wa bweni, mama mfupi mnene, mwenyeji wa Masasi.

"Karibu," alisema Bibi Sabaha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kama umemfuata mtoto, umechelewa. Mwanafunzi wako sasa ni mwanamke. Yuko ndani."

"Hongereni!" alisema Matroni. "Hata mimi nilichezwa, kule kwetu. Nilikaa ndani mpaka nikaisahau rangi ya jua."

Bibi Sabaha akacheka. Akamsogezea kigoda. Matroni akakaa, akanywa maji, akaweka kata chini taratibu.

"Mama, mimi ninalea wasichana themanini. Vitambaa vya mwezi wanapewa na mimi. Najua nani yuko katika siku zake, na lini. Sitara hajawahi kuja kuniomba. Lakini nilikuta nguo yenye doa chini ya godoro lake. Nikakuta tena wiki ya pili. Na ya tatu. Nikataka kumuuliza, likizo ikaingia. Sasa nakuuliza wewe mjuzi wa mambo haya. Tangu mmtie ndani, damu imekatika?"

Zamzam ndiye aliyejibu. "Haijakatika. Kila siku doa dogo tu."

"Ya kwanza huwa na vituko vyake," alisema Bibi, lakini sauti yake ilikuwa imepungua nguvu.

"Pengine. Naomba nimuulize mwenyewe."

"Mwali hasemi!"

"Hasemi na mimi," alisema Matroni. "Je, na kungwi wake?"

Bibi Sabaha akamgeukia mgeni wake. "Kungwi ndiye sikio la mwali," akasema.

"Basi muulize wewe. Mimi sitavuka pazia. Muulize maneno matatu tu. Damu inatoka wakati wote, au akikojoa tu? Inakuja mwanzo wa mkojo, au mwisho? Na je, inamchoma?"

Pazia likafunguka kidogo. Bibi Sabaha akaingia, akapiga magoti, akatega sikio. Sitara aliisikia harufu ya mafuta ya nazi nywelini mwa bibi yake. Kwa mara ya kwanza tangu masika, mtu alikuwa akimuuliza. Akaanza kunong'ona. Alipofika neno la tatu, machozi yakamtoka.

"Tangu lini?" aliuliza Bibi.

"Tangu masika."

"Miezi yote hiyo! Mbona hukusema?"

"Niliona haya, Bibi. Kisha nilipotaka kusema, ukaniambia mwali hasemi."

Bibi Sabaha akamfuta mjukuu wake machozi kwa pindo la kanga. Kisha akatoka nje ya pazia.

"Zamzam," alisema, "mvalishe mtoto viatu."

Wakaenda zahanati wote wanne. Mganga aliyewapokea aliitwa Ndugu Augustino. Alimpa Sitara chupa ndogo.

"Mmekuja saa nzuri," alisema. "Mayai ya ugonjwa ninaoushuku hutoka kwa wingi mchana, kati ya saa nne na saa nane."

"Mayai?" Bibi alishtuka. "Mjukuu wangu ni kuku?"

Ndugu Augustino akacheka. Akaupima mkojo kwa hadubini, kisha akamwita Bibi atazame. Bibi akafumba jicho moja.

"Naona kitu kama mbegu ya tikiti. Kina mwiba mkiani."

"Hilo ndilo yai la kichocho. Si hedhi, mama. Ni minyoo midogo inayokaa karibu na kibofu. Mtu mwenye kichocho akikojoa majini, mayai huanguliwa. Vijidudu vyake huingia ndani ya konokono wa majini, hukua, kisha hutoka. Mtu akisimama katika maji hayo, humpenya kwenye ngozi. Hasikii kitu. Mnachota wapi maji?"

Zamzam akainamisha kichwa. "Nalima mchicha Jangwani. Tunaingia dimbwini mpaka magotini kuchota maji ya kumwagilia. Sitara amenisaidia tangu akiwa mdogo." Akashusha sauti. "Na mimi naona wekundu. Nilidhani ni uchovu wa kazi."

"Basi nawe lete mkojo wako."

Zamzam naye alikutwa na kichocho. Wote wawili wakapewa vidonge, vya kunywa mara tatu, kila baada ya wiki mbili.

"Msiache katikati kwa kuwa mmepata nafuu," alisema Ndugu Augustino. "Na dawa peke yake haitoshi. Mkirudi kusimama dimbwini, mtaugua tena."

"Watu watasema nini juu ya binti yangu?" aliuliza Zamzam.

"Waambieni ukweli. Kichocho si uchawi, wala si tabia mbaya. Kinatoka majini."

Sitara alirudi shuleni siku ya kumi na mbili tangu atiwe ndani, wiki mbili za kanuni hazijatimia. Blanketi la kijivu lilikuwa palepale. Vidonge vilivyobaki alipewa na Matroni mkononi, akavimeza mbele yake. Wekundu ukaisha. Moto ukaisha. Akaacha kusinzia, na mwalimu aliyemwita mvivu akamwomba radhi mbele ya darasa.

Jumamosi iliyofuata, wakati wa kugawa sabuni, Matroni Severa alisema na wasichana wote. "Mwenye maumivu ya sirini aje kwangu. Sitacheka, wala sitamtangaza." Kabla ya jua kutua, wasichana watatu walikuwa wamegonga mlango wake.

Huko Jangwani, Zamzam alifunga ndoo kwa kamba, akaweka ubao ukingoni mwa dimbwi. Sasa alichota akiwa amesimama pakavu. Alipolazimika kuingia penye majimaji, alivaa mabuti ya mpira. Balozi wa nyumba kumi akawakusanya wakulima wa bonde, wakachimba choo mbali na maji. Walionung'unika kwamba choo kiko mbali walijibiwa na Bibi Sabaha. "Mimi nimeyaona mayai kwa jicho langu," alisema. "Wewe umeyaona?"

Mwaka uliofuata, mchana mmoja, Sitara aligonga mlango wa Matroni.

"Matroni, safari hii nadhani ndiyo yenyewe."

Matroni akampa vitambaa, akamwonyesha namna ya kuvitumia na kuvianika juani. Kisha akatuma habari Kariakoo. Jumamosi Bibi Sabaha akaja na doti ya kanga mpya. Akakaa juu ya kitanda namba kumi na nne.

"Una hakika?"

"Nina hakika, Bibi. Kiuno kiliniuma, mkojo haukuchoma. Na jana imekatika."

Bibi akapiga kigelegele, bweni zima likamwitikia. Ngoma ikapangwa kufanyika likizo ya Desemba, wiki moja tu, ili shule ikifunguliwa mwali awe darasani.

"Na mwali bado hasemi?" Sitara aliuliza, akicheka.

"Mwali hasemi ovyo," alijibu Bibi Sabaha. "Lakini likimuuma jambo, atasema. Na kungwi asiyeuliza, huyo ndiye wa kufundwa upya."