Skrini Nyeusi za Ndunge

Duka la Kisemei la vifaa vya umeme, pale Kitengela, lilikuwa limejaa watu Jumamosi ile ya mwaka 2006. Ndunge alipenya katikati yao amekumbatia skrini nzito ya kompyuta, kilemba chake cha rangi ya chungwa kimelegea, viatu vya visigino vimekolea vumbi.

"Hii kitu mliniuzia imekufa," alimwambia Kisemei. "Nimeweka mfumo wa Linux jana, leo ni giza tu."

Kijana mmoja kwenye foleni, shati lake limepigwa pasi likanyooka, alicheka. "Madam, hiyo screen haina makosa. Ni driver ya graphics, ile programu ya kuonyesha picha. Mashine haijui kuongea na screen."

"Na wewe ni nani, daktari?"

"Wa hizo, ndiyo. Naitwa Kiragu."

Ndunge alifundisha kompyuta katika chuo kidogo cha Bwana Mulei. Mchana uleule Kiragu alifika chuoni, akabonyeza vitufe vitatu, na maandishi meupe yakajitokeza kwenye giza. Alifungua faili moja, akafuta jina la draiva, akaandika la draiva nyingine isiyo na makeke: vesa. Picha ikarudi. Ndunge alikuwa amesimama nyuma yake, karibu kuliko ilivyohitajika, na aliona yote, hata nywila.

Mulei alimpa Kiragu mashine zote kumi azitunze kwa miezi mitatu ya majaribio. Akifaulu, angeajiriwa kabisa. Lakini Kiragu alitoka mbali, Matasia, na wateja wake walikuwa wengi. Skrini zikiwa nzima, haonekani. Basi Ndunge akaanza kuziua. Alifungua faili lilelile, akafuta neno lilelile, kisha akachukua simu.

"Kiragu, imekuwa nyeusi tena."

"Tena? Nyinyi Wakamba mnairoga?"

"Kuja uone. Nimekuwekea chapati."

"Sweetie, kwa hizo chapati hata nitakuja na miguu."

Alikuja, na akazidi kuja. Walipendana hata wanafunzi wakajua. Kiragu akamwambia kwamba akishapata ile kazi, atapeleka wazazi wake kwa kina Ndunge kabla ya Krismasi. Mtu mwenye akili angeacha mchezo hapo. Ndunge hakuacha, maana alikuwa amezoea kuona mwanamume akitupa kila kitu na kumkimbilia.

Jumapili ya mwisho ya majaribio aliua mashine sita kwa mpigo, ili Kiragu ashinde naye Jumatatu nzima. Hakujua kwamba Jumatatu hiyo Mulei angeleta wazazi wa wanafunzi wapya kukagua chuo. Walipoingia, walikaribishwa na skrini sita nyeusi.

Kiragu aliitwa mbio. Mulei alisimama nyuma ya kiti chake. "Kijana, leo utanieleza. Hizi mashine zinaharibiwa na nini kila wiki?"

Kiragu alitazama tarehe ya faili. Lilikuwa limebadilishwa Jumapili, saa tisa mchana. Jumapili chuo hufungwa, na ufunguo hukaa na mtu mmoja. Ndunge aliuona uso wake ukibadilika, akajua amejua. Neno moja tu lingemwokolea Kiragu kazi yake.

Kiragu hakulisema. Aligeuza kiti polepole. "Ndunge, kuna kitu ungependa kumwambia Bwana Mulei?"

Aliuliza kwa upole, na upole huo ndio uliomuumiza Ndunge. Alikaza kilemba chake, akafikiria mshahara wake.

"Mimi sijui hizi vitu za Linux, sir. Ni yeye aliweka."

Mulei alimwambia Kiragu mbele ya wageni wote akusanye CD zake aende, na asikanyage pale tena.

Siku kumi na nne Ndunge alipiga simu bila kujibiwa. Aliandika ujumbe wa kuomba msamaha, akaandika mwingine, akalia. Mwishowe akaiua mashine moja, akapiga tena, na simu ikapokelewa.

"Kiragu, dear. Imekuwa nyeusi."

"Iko na maandishi?" Ilikuwa sauti yake ya kazi, tulivu kama zamani. Moyo wa Ndunge ulimdunda kwa furaha.

"Iko nayo."

"Andika vesa. Unajua kuiandika."

Simu ikakatwa. Ndunge aliandika. Picha ikarudi mara moja, safi kabisa, na hakubaki na sababu nyingine ya kumpigia.