Mikono ya Bi Riziki

Kabla joto halijampanda Mize kifuani, kisingaji, mashine yake ya kukanda mwili, kilikuwa kimeshalijua. Vihisi vyake vilisoma damu chini ya ngozi, kikachanganya matone ya mlangilangi na mchaichai katika mafuta ya nazi. Kisha vidole vyake kumi, laini na vyenye uvuguvugu wa mtu, vikashuka shingoni na kuzunguka mabegani. Fukuto likapita kama si lake. Jasho halikutoka.

Mize Hatibu, mhandisi wa miaka hamsini na miwili, ndiye aliyekibuni. Katika jiji jipya la Tanga karibu kila mwanamke aliyefikia ukomo wa hedhi alikuwa nacho chumbani. Hakuna aliyejipepea tena mkutanoni huku akiona haya. Nyumba za kusinga zilifungwa moja baada ya nyingine, na hakuna aliyezililia.

Alivaa, akaketi kusoma taarifa ya mwezi. Visingaji havikuhifadhi majina ya watu, ila vilihesabu maneno waliyoviambia, ili vijifunze kutii. "Punguza nguvu" lilikuwa neno la pili kwa wingi. La kwanza, mara laki tatu, lilikuwa swali: "Na wewe yalikupata hivi?"

Kisingaji hakikufundishwa kulijibu. Kilinyamaza tu, kikaendelea kukanda. Mize alijua, maana Jumanne iliyopita naye alikuwa amekiuliza.

Mchana huohuo alikwenda Chumbageni kwa Bi Riziki, msingaji wa zamani. Miaka tisa nyuma bibi huyo alikubali kuvaa glavu za vihisi kwa miezi kumi na mmoja, kila mwendo wa mikono yake ukanakiliwa. Mize alimkuta amelala kifudifudi, kisingaji kikimkanda kiuno.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Ngoja kimalize."

"Kinakufaa?"

"Kisinifae kwa nini? Si ni mikono yangu hiyo! Huu mwaka wa nne sijaguswa na mtu ila mimi mwenyewe." Alicheka, kisha akaacha.

Mize akamweleza juu ya lile swali.

"Wote walikuwa wakiniuliza," alisema Bi Riziki. "Hilo ndilo lililowaleta."

"Ukiwajibu nini?"

"Ukweli. Kwamba mimi nilimhamisha mume wangu chumbani kwa sababu ya joto. Kwamba nililia sokoni kwa ajili ya nyanya mbovu. Wakicheka, mabega yanalegea yenyewe."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulinivalisha glavu, mwanangu. Mdomo hukuuhitaji."

Mize alisogea mbele. "Basi tunaweza kuirekodi sauti yako. Ndani ya miezi miwili kila kisingaji kitakuwa kinajibu."

Bi Riziki alikizima kisingaji, akajiinua polepole na kujifunga kanga. "Halafu mimi nizungumze na nani? Na nafsi yangu?"

Joto lilimjia Mize palepale, bila mashine ya kulizuia. Lilipanda hadi masikioni, jasho likamchuruzika usoni. Bi Riziki alimfuta kwa ncha ya kanga.

"Unaishi na nani, Mize?"

"Peke yangu."

"Tangu lini?"

Mize alianza kukumbuka, akashindwa. Bi Riziki alimpa nafasi kitandani. Vidole vyake vilikuwa vimekakamaa, haviwezi tena kumsinga mtu. Mize aliketi, akavishika, akaanza kuvikanda kimoja kimoja, kwa kubahatisha.

"Hujui kabisa," alisema Bi Riziki, wala hakuitoa mikono yake.