Mkate Uliopigwa Pasi

Kila siku saa saba mchana simu ilimkuta fundi cherehani mezani, na swali lilikuwa lilelile.

"Baba, umekula?"

"Nimekula, mwanangu. Nimeshiba ndi!"

Uongo mtupu. Asubuhi alikula mkate mkavu na chai ya rangi. Mchana, mkate na chai. Jioni, ili kubadilisha ladha, chai na mkate.

Mkewe alikuwa amefariki miezi minane iliyopita. Kwa miaka thelathini na tano yeye alishona, mkewe akapika, na hakuna aliyeingilia kazi ya mwenzake. Sasa jiko lilikuwa limepoa. Viti viwili bado vilitazamana mezani. Kila asubuhi fundi alimwagilia kopo la maua ya marehemu pale dirishani, akaliambia, "Haya, wewe kunywa, walau mmoja wetu anawiri." Kisha akakaa kwenye cherehani. Akikanyaga, nyumba ilikuwa na sauti. Akiinua mguu, kimya.

Mwili nao ukachoka kuvumilia. Uzi ulikataa tundu la sindano, macho yakaona kiza. Siku moja alishona suruali ya mteja, akaunganisha miguu yote miwili.

"Fundi, hii umemshonea nguva?" mteja akauliza.

Wakacheka wote. Mteja alipoondoka, fundi hakucheka tena.

Habari zikamfikia binti yake. Safari hii hakuuliza kama amekula. "Jumamosi nakuja na begi kubwa," alisema. "Nikikuta hali ni hiyo, unahamia kwangu. Cherehani tutampa mtu."

Fundi aliweka simu mezani, akaitazama cherehani. Kwa binti yake kulikuwa na kiti kizuri na ukuta mzuri wa kutazama kutwa nzima, mpaka binti arudi kutoka kazini. Cherehani apewe mtu? Si bora wampe mtu huo mguu wake!

Alhamisi akanunua jibini. Mkewe alikuwa akimtengenezea binti mkate wa moto wenye jibini na mboga. Fundi aliula mara elfu, lakini hakuwahi hata siku moja kutazama unavyopikwa. Basi akatumia ujuzi alionao. Aliweka jibini na nyanya katikati ya vipande viwili vya mkate, akafunika kwa kitambaa, akaukandamiza kwa pasi ya umeme. Moto wa mwisho, kama anapiga jinzi.

Moshi ukajaa chumba. Mlango ukagongwa.

"Hodi! Fundi, unaungua au unaunguza?"

Alikuwa jirani wa ukuta wa pili, mpishi wa hospitali, mama mwenye mwili wa kutosha na mdomo zaidi ya mwili. Akaitazama pasi. Jibini ilikuwa ikining'inia kama kamasi.

"Kaka yangu, huu mkate unakwenda harusini?"

"Nilitaka ushikane," fundi akajitetea.

Mpishi akacheka mpaka akashika mlango. Kisha akaona rafu: mkate, majani ya chai, basi. Kicheko kikakatika.

"Tangu lini?"

"Tangu aondoke."

"Na mimi niko hapa nyuma ya ukuta! Mbona hukugonga?"

"Ningegonga, niseme nini?"

Mpishi akachomoa waya wa pasi. "Osha mikono," akasema. "Kwa sabuni."

Alikwenda kwake, akarudi na kitunguu, hoho na spinachi.

"Mkate na chai vinajaza tumbo, lakini mwili unabaki na njaa. Jibini inaujenga. Mboga zinaulinda. Haya, zioshe kwa maji safi. Kata nyembamba. Nyanya itoe mbegu na maji, la sivyo mkate utalowa. Hizo nyingine kaanga kidogo, maji yakauke."

Fundi alikata. Hoho zilitoka sawasawa kama zimepimwa kwa futi.

"Jibini weka chini ya mboga na juu yake. Unajua kwa nini?"

Fundi akafikiri. "Ni gundi. Kama ile ya kola. Ikipata joto inashika pande zote."

"Sasa unaongea! Chumvi usiongeze, jibini inayo. Paka siagi kidogo nje ya mkate. Kikaango kiwe na moto mdogo, na ufunike. Moto mkali unaunguza nje, ndani jibini bado imelala."

"Kama hariri," fundi akasema. "Hariri haitaki pasi kali."

"Umefaulu. Bado majani ya kunukia." Mpishi akageuka dirishani. "Mbona haya hapa?"

"Hayo ni maua ya marehemu."

"Maua gani? Huu ni mrehani, unaliwa! Ila usije ukachuma kila jani. Usilolijua, liache."

Akachuma jani moja, akalisugua, akamsogezea puani.

Fundi akanusa. Kichwa chake kikageukia kile kiti cha pili. Hiyo ndiyo iliyokuwa harufu ya mikono ya mkewe alipotoka jikoni. Miezi minane alikuwa akiimwagilia maji, asijue.

Akachuma jani la pili mwenyewe, akaliweka juu ya mboga. Mpishi akageukia kikaango, akapunguza moto.

Ijumaa akapika peke yake. Mkate wa kwanza ukaungua kidogo, wa pili ukakubali.

Jumamosi binti akaingia na begi. Akaketishwa. Fundi aligeuza mkate kikaangoni, dakika chache kila upande, mpaka ukawa wa rangi ya kahawia. Akaukata nusu kwa nusu. Binti akauma, akatafuna, akaacha kutafuna.

"Baba, mama alikufundisha?"

"Nusu kanifundisha jirani. Nusu yeye." Akaonyesha dirishani.

Jioni begi lilirudi lilikotoka. Ndani yake mlikuwa na kijiti kimoja cha mrehani, kimefungwa kwa kitambaa kibichi kilichoshonwa nyuzi tatu.

Jumatatu saa saba simu ikaita.

"Baba, umekula?"

"Bado."

"Bado? Baba!"

"Namngoja jirani aoshe mikono," fundi akasema, akavuta kile kiti cha pili.