Vidonge Katika Kisanduku cha Bobini

Chiriku halikuwa jina lake la cheti. Mama yake ndiye aliyempachika, kwa sababu macho yake yakifumbuka asubuhi na mdomo nao hufumbuka, usifungwe mpaka usingizi umchukue. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na kila siku kabla ya shule alikuwa na kazi tatu: kufagia sebule, kumtungia kaka yake uzi kwenye sindano ya cherehani, na kumtazama akimeza kidonge chake kisha kuweka alama ya vema kwenye daftari. Mama yao alifanya kazi kwenye kiwanda cha mikate na aliondoka alfajiri. Kwa hiyo daftari lile lilikuwa mikononi mwa Chiriku, naye alilisimamia kama waziri.

Kaka alikuwa fundi, tena si fundi wa kubahatisha. Lakini mwaka uliopita, alipotimiza miaka ishirini, alianza kusikia sauti za watu wasiokuwepo. Aliamini redio inamsema yeye. Alitundika shuka dirishani ili wapita njia wasiyasome mawazo yake, akaacha kula, akaacha kushona. Watoto wa mtaani wakampa jina ambalo Chiriku hakupenda hata kulikumbuka. Mama hakumficha ndani. Alimpeleka zahanati mapema, na tangu hapo muuguzi wa afya ya akili akawa anawatembelea nyumbani kila Alhamisi.

Muuguzi huyo alikuwa mwanamke mrefu mwenye mkoba mkubwa, na alikuwa na namna yake ya kufanya kazi. Hakuingia na makaratasi mkononi. Aliingia na shati lililotoka kifungo au sketi iliyofumuka pindo, akaomba ishonwe, akaketi kwenye stuli kando ya cherehani, na mazungumzo yakaanza yenyewe. Zile sauti Kaka alizipa jina: wageni wasiobisha hodi. Basi Muuguzi huuliza, "Vipi, wageni wako wamekuja wiki hii?" kama anayeuliza habari za mvua. Mwezi baada ya mwezi wageni walipungua. Shuka likatoka dirishani, na cherehani ikaanza kulia tena.

Lilibaki jambo moja. Mikono ya Kaka ilitetemeka tangu aanze dawa, na uzi haukubali kuingia kwenye tundu la sindano. Alimwambia Chiriku peke yake, na akamkataza kulisema. Fundi kulalamikia mikono, alisema, ni sawa na mwimbaji kulalamikia koo.

Ndipo mwalimu wa kwaya ya shule alipoleta kitambaa cha majoho kumi na manane. Chiriku mwenyewe alikuwa mwimbaji wa sauti ya kwanza. Kuna waliomwuliza mwalimu kama mji mzima umekosa mafundi. Mwalimu alikiacha kitambaa palepale, ila Kaka alizipata habari hizo, na tangu siku hiyo hakushona tena kwa ajili ya majoho tu. Alishona ili midomo ya watu ifungwe.

Jumapili asubuhi Kaka alichukua uzi, akaulamba ncha, akautunga mwenyewe kwa mara moja. Chiriku alipiga vigelegele mpaka jirani akauliza kuna harusi gani. Mikono ilikuwa imetulia tuli.

Jumatatu, akitafuta uzi mweupe, Chiriku alifungua kisanduku cha bobini, vile vigurudumu vya uzi vya cherehani. Chini ya bobini palikuwa na vidonge vinne.

"Kaka, hivi ni nini?"

Kaka alisimamisha cherehani. "Kila kidonge nakificha chini ya ulimi, wewe ukigeuka nakitema. Tazama mikono yangu, mdogo wangu. Majoho yakiisha nitaanza tena, wallahi. Usimwambie Mama. Usimwambie yeyote."

Chiriku alimpenda kaka yake kuliko alivyopenda kusema. Jumanne aliweka vema. Jumatano akaweka nyingine. Lakini Jumanne hiyohiyo Kaka alizima redio katikati ya wimbo, na Jumatano Chiriku alirudi kutoka shule akalikuta shuka dirishani. Alhamisi asubuhi aliweka vema ya tatu ya uongo, na kisandukuni vidonge vilikuwa saba.

Jioni Muuguzi alibisha hodi, akakaribishwa, akatoa shati la mumewe lililochanika mfuko. Alitazama dirishani mara moja. Akashika joho lililokuwa mezani.

"Mshono umenyooka kama rula! Wiki iliyopita ulikuwa unatembea kama mlevi. Na wageni je?"

"Hawajaja," Kaka alijibu bila kuinua macho.

Muuguzi akafungua daftari. "Vema tupu. Hongera, Chiriku. Kesho daktari wetu atalipitia hili, na kwa kulitazama ataamua kama dawa inamfaa kaka yako. Yeye hana macho mengine humu ndani. Macho yake ni haya yako."

Chiriku alizitazama vema zake tatu. Zilikuwa nzuri, zimenyooka, na zilimchoma.

"Ni uongo, Dada," alimwambia Muuguzi, machozi yakimtoka. "Hanywi. Viko kwenye kisanduku cha bobini. Mikono inatetemeka akinywa, hawezi kutunga uzi. Na redio amezima. Na wageni wamerudi, mimi najua wamerudi!"

Kaka alisimama. "Hata wewe, Chiriku?" Akaingia chumbani, akavuta pazia.

Chiriku alitamani ardhi ipasuke. Muuguzi hakupandisha sauti. Alivuta stuli mpaka karibu na pazia, akaketi.

"Fundi, sikuja kukukamata. Mikono hii inatetemeka tangu lini?"

Sauti ikatoka nyuma ya pazia, nzito. "Tangu mwanzo. Fundi asiyeweza kutunga uzi ni fundi gani? Niliona nikisema mtanilaza wodini."

"Basi kosa lina wenyewe wawili. Miezi yote hii nilikuuliza habari za masikio yako, sikuuliza habari za mikono. Nisamehe. Kutetemeka huko kunaletwa na dawa, na daktari anaweza kupunguza dozi au kubadili. Ila kuacha peke yako, ndugu yangu, ni kuufungulia mlango ugonjwa. Wageni wamerudi?"

Pazia likasogea. "Wawili watatu," Kaka alisema. "Tangu juzi."

"Vizuri, ungali ufa tu. Tutauziba kabla ya kujenga ukuta."

Mama aliporudi na kusikia yote, alikaa chini na kanga yake begani. "Mficha maradhi, kifo humuumbua," alisema, kisha akamkumbatia mmoja mkono huu na mwingine mkono ule. Kesho yake hakwenda kiwandani. Alikwenda na Kaka kwa daktari, naye daktari akabadili dawa.

Siku tatu Kaka hakumsemesha Chiriku. Nyumba ikawa kimya mpaka Mama akasema anaikosa ile kelele. Siku ya nne Chiriku alikuwa anafagia alipoona sindano na uzi vimewekwa juu ya daftari lake. Hakuuliza. Alitunga. Na jioni zile zote zilizofuata walishona pamoja: Kaka kwenye cherehani, Mama kwenye pasi, na Muuguzi, aliyekuja hata siku zisizokuwa zake, kwenye vifungo. Alivishona vibaya mno, na Kaka alivifumua kimyakimya Muuguzi alipokwisha kuondoka. Wageni walipungua tena. Mikono nayo ikatulia polepole, safari hii bila kisanduku chenye siri.

Siku ya kufunga shule, watoto kumi na wanane walisimama jukwaani ndani ya majoho ya buluu, mapindo yote yakiwa kwenye mstari mmoja. Waliimba vizuri, lakini wazazi walitazama nguo. Mwalimu mkuu akauliza kwa furaha fundi yuko wapi.

Kaka alisimama nyuma ya ukumbi. Alinyoosha mkono, na mkono haukutetemeka.

"Nimeshona mimi," alisema. "Uzi alitunga mdogo wangu."

Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Wale waliouliza kama mji umekosa mafundi walipiga kwa nguvu kuliko wote, na Chiriku alisikia kifua kikimjaa ndani ya joho mpaka kola ikambana.

Nje ya ukumbi Muuguzi alimwinamia. "Ulidhani unamsaliti kaka yako," alisema. "Siri ya zawadi itunze, mwanangu. Siri inayomwumiza mtu umpendaye, ipeleke kwa mkubwa anayeweza kusaidia, hata kama mwenyewe atakununia siku tatu. Na ugonjwa wa akili ni ugonjwa kama mwingine: ukitibiwa mapema na bila kuficha, mtu hurudi kazini kwake. Mwone yule."

Chiriku alimwona. Kaka alikuwa amezungukwa na wazazi, kila mmoja akimshika bega na kumwuliza juu ya kitambaa. Basi akamkimbilia, akamshika mkono, na kutoka pale mpaka nyumbani hakunyamaza hata hatua moja, wala hakuna aliyemwambia anyamaze.