Shimo la Kumwita Mama

Kila asubuhi, kabla ya kengele kulia, Kiroboto aliizungukia barabara iliyo mbele ya shule kama daktari anavyozungukia wagonjwa. Jina hilo alipewa na bibi yake kwa sababu hakai mahali pamoja. Lakini mbele ya barabara alitulia kama maji mtungini, akiipapasa na kutafuta ufa.

Haikuwa barabara ya kawaida. Mifuko ya plastiki iliyookotwa mitaani ilikuwa imeoshwa, ikakaushwa, ikakatwakatwa, ikayeyushwa juu ya kokoto za moto, kisha ikachanganywa na lami. Kilikuwa kipande kifupi cha majaribio. Kikistahimili mvua na malori, ingejengwa barabara ndefu ya namna hiyo hadi mji wa mbali, kwenye maabara alikofanya kazi mama yake.

Mama ndiye aliyepima mchanganyiko ule. Kipande kilipokuwa kikijengwa, alilala nyumbani, na Kiroboto alisinzia ameushika mkono wake. Kilipokamilika, Mama akarudi maabara, na njia ya huko ilikuwa matope matupu. Mabasi yalikwama, na ziara zake zikawa za kuhesabika.

"Kikiharibika, nitakuja mbio," aliahidi.

Basi Kiroboto akangoja kiharibike. Mvua zikaja, zikaenda. Malori ya mchanga yakapita. Barabara ikakaa pale, nyeusi, imenuna, haina hata mkwaruzo. Tena kwenye simu Mama aliiulizia kwanza.

"Barabara haijambo?"

"Haijambo," Kiroboto alijibu, kwa sauti ya mtu anayetangaza msiba.

"We mwenzangu, unaionea wivu lami?" alicheka rafiki yake, aliyeitwa Domo kwa sababu mdomo wake haukuwahi kuchelewa popote.

Siku moja ambayo hapakuwa na masomo, Kiroboto alichukua nyundo na tindo aliyokatia mawe marehemu babu yake. Alidhani ni kazi ya kupiga na kuondoka. Lahaula! Barabara ilimtoa jasho, ikamtoa malengelenge, nusura imtoe na machozi. Jioni ilipokaribia, akapata shimo la ukubwa wa sahani.

"Mwalimu, barabara imetoboka yenyewe!" aliripoti kesho yake. Mwalimu wa sayansi akapiga picha, akaituma maabara.

Mama akaja. Kiroboto alimrukia shingoni, akanusa harufu ya safari katika nguo zake. Lakini tabasamu la Mama lilikuwa fupi.

"Mkubwa wangu ameiona picha," alimwambia mwalimu. "Anasema plastiki imeshindwa. Ile barabara ndefu haitajengwa tena."

Kiroboto aliiachia shingo ya Mama. Barabara ndefu! Ile ambayo ingemleta Mama kila mwisho wa juma!

Mama alipiga magoti, akapitisha kidole ukingoni mwa shimo. "Ajabu. Kokoto zimekatwa. Barabara haijikati yenyewe. Nani hapa ana tindo?"

Wanafunzi wakatazamana. Hata Domo alinyamaza, jambo lililostahili kutangazwa redioni. Kiroboto angeweza kutazama mawingu. Badala yake alifungua viganja vyake vyenye malengelenge.

"Ni mimi, Mama. Ulisema ikiharibika utakuja."

Mama alivipuliza viganja vile. Kisha akampigia mkubwa wake, akamkabidhi binti yake simu. "Mwambie mwenyewe."

"Shikamoo," Kiroboto alianza. "Shimo nimelichimba mimi."

"Marahaba. Ulichukua muda gani?"

"Mchana kutwa. Na mikono imeniuma."

Mzee yule akacheka. "Basi haijashindwa. Lizibeni, tuendelee kuipima."

Kesho yake Kiroboto alishindilia lami ya moto shimoni mbele ya shule nzima, aibu ikimchoma kuliko jua.

"Mwanangu," Mama alisema, "utafiti ukilishwa uongo, huwaumiza wengi wasiokuwa na hatia, na wa kwanza ungekuwa wewe. Mimi nami nimekosea kuitanguliza barabara. Lakini ukiwa na hamu nami, niambie. Ukweli utanileta upesi kuliko tindo."

Jioni yake akaondoka. Kiroboto alibaki karibu na kiraka, akilitazama basi likiyumba matopeni hadi likapotea.

Juma lililofuata simu ililia. "Hujambo, mwanangu?"

"Sijambo kidogo tu. Nina hamu nawe, Mama."

"Nami pia. Nitakuja Ijumaa, matope yatake yasitake. Na barabara je?"

"Hiyo haijambo kabisa," Kiroboto alijibu. "Ina kiburi kama kawaida."