Sema Mbele za Watu, Ikbal

"Kasemaje?"

Grasiana alimdaka mumewe kabla hajashuka vizuri kwenye baiskeli.

"Asome mwenyewe. Mimi nimeajiriwa kumimina chai klabuni, sikuajiriwa kubeba mapenzi ya watu," alisema Laurenti, akampa Hajira, mgeni wao kutoka Handeni, kikaratasi kilichokunjwa.

Kilikuwa kile kile alichoandika Hajira asubuhi: "Niko Kilole kwa Grasiana. Njoo tuzungumze kabla ya mchezo. Hajira." Nyuma yake palikuwa na mwandiko wa haraka: "Nakusihi usije uwanjani. Niko na wakubwa. Nitakutafuta baadaye. I."

"Baadaye!" Grasiana aliguna. "Miaka saba yote hajaifikia hiyo baadaye? Na jina lake lenyewe kaliacha njiani."

Hajira hakucheka. Alichukua kanga yake ya pili akajitanda.

"Unakwenda wapi?"

"Ngombezi."

"Mwenzangu, kule kuna matajiri wa Tanga, kuna katibu wa TANU, na huyo mchumba wake yupo. Watakukokota kama mwizi."

"Wanikokote. Nikirudi Handeni bila neno lake, Zamda anaingia shule hana jina la baba. Wewe si umesikia wanavyomwita?"

Grasiana alikuwa amesikia. Handeni nzima ilikuwa imesikia.

Mwaka ule wa Uhuru, mwezi wa nane, Mzee Sadala, nyapara wa shamba la mkonge la Ngombezi, alimwoza binti yake Hajira kwa Ikbal, mtoto wa Jusab mwenye duka pale Korogwe. Ndoa ilifungwa chumbani, mlango umefungwa, kwa sababu Jusab angejua angemfukuza mwanawe siku hiyo hiyo. Mwezi haukuisha, Ikbal akapanda meli kwenda Bombei kucheza kriketi. Mzee Sadala akafariki kabla mjukuu hajazaliwa. Shehe naye akafariki. Mashahidi wawili walikuwa manamba wa kukata mkonge. Mkataba wao ulipokwisha walirudi kwao, na hakuna aliyejua kwao ni wapi.

Hajira akarudi Handeni kwa mama yake, Mashavu, akiwa na mimba na maneno matupu. Mama alimwamini. Baba mdogo, Mzee Muhidini, hakumwamini.

"Kaka yangu asingeoza mtoto bila kuniambia mimi," alisema mbele ya ukoo. "Huyo ni mtoto wa haramu. Tusidanganyane."

Basi, likawa ndilo jina la Zamda.

Wakati huo Ikbal alikuwa mtu wa redioni. Ameichezea India. Kawapiga Waingereza. Kapiga mbio mia, kapiga mia nyingine. Wahindi wa Korogwe na Handeni walikata picha zake magazetini wakabandika madukani, na Hajira akienda kununua chumvi alimkuta mumewe ukutani, anacheka.

Sasa, mwaka wa sitini na nane, amekuja na timu yake kucheza na Tanga katika uwanja wa Ngombezi. Wiki ijayo anamwoa Nargis, binti wa Haji Latifu, tajiri wa Tanga aliyegharamia safari nzima.

*

Uwanja ulikuwa umejaa. Wageni walikaa chini ya turubai, wafanyakazi wa kiwanda walisimama kwenye jua. Harufu ya maji ya mkonge ilitoka kiwandani, ikaingia kwenye sambusa za matajiri bila kubisha hodi.

"Wameanza saa tatu," mfanyakazi mmoja alilalamika. "Mpaka sasa hakuna goli hata moja."

"Hakuna goli humu, bwege wewe. Wanahesabu mbio."

"Mbio zenyewe hizo? Mbona wanatembea?"

Hajira alijipenyeza hadi mbele. Ikbal alikuwa pale katikati, nguo nyeupe, kibao cha kupigia mkononi. Alikuwa amenenepa kidogo shingoni. Lakini alisimama vile vile kama zamani, bega la kushoto mbele, kichwa kimetulia, na moyo wa Hajira ukamsaliti hapo hapo. Alikasirika. Alikuja kugombana, hakuja kupenda.

Mpira ukarushwa. Ikbal akauzungushia kibao, ukampita, mdakaji aliyekuwa nyuma ya vijiti akaudaka. Watu wa Tanga wakapiga kelele wote pamoja. Refa akatikisa kichwa: hapana, haukugusa kibao.

Ikbal akaweka kibao kwapani, akaanza kutoka.

"Anakwenda wapi? Refa kasema bado!"

Simeo, karani wa kiwanda, aliwaeleza walio karibu. "Umegusa kibao, na ukigusa ukadakwa, mpigaji ametoka. Refa hakusikia, lakini yeye kausikia mkononi. Ndiyo sifa yake huyu, hata kule India. Akijua ametoka, anatoka. Hasubiri kuambiwa."

Turubai zima lilisimama kumpigia makofi. Hajira alitazama jinsi mtu anavyoshangiliwa kwa kusema ukweli wa mpira.

"Haya," alijisemea. "Tutaona."

*

Baada ya chakula, Haji Latifu alishika kipaza sauti. Alisema Kiswahili, maana katibu wa TANU alikuwa mgeni rasmi, na siku hizo mtu hakuthubutu kuhutubia kwa Kiingereza mbele yake.

"Ndugu katibu, ndugu wananchi! Kijana huyu ni wenu. Mwaka wa sitini na moja aliondoka Korogwe na sanduku moja la bati. Mwaka wa sitini na nne akavaa kofia ya timu ya India, na siku ya kwanza tu akapiga sabini na nane. Waingereza wakaja, akawapiga mia na kumi na mbili. Akaenda kwao kwenye baridi, vidole vimekufa ganzi, akawapiga tena. Na leo mmeona kwa macho yenu. Refa kakataa, yeye katoka. Muungwana! Ndiye ninayempa binti yangu!"

Makofi. Hajira akapita kati ya viti.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba," Haji Latifu aliitika kwa mazoea, kisha akashtuka. "Wewe ni nani?"

"Kuna jambo umeliruka, mzee. Mwaka huo wa sitini na moja, kabla ya sanduku la bati, alioa."

Kijiko kilianguka mahali fulani. Ikbal alikuwa ameinuka nusu, mkono mmoja mezani.

"Mtoeni mwanamke huyu!" Haji Latifu alifoka.

"Asitolewe," alisema katibu, taratibu kabisa. "Huu ni uwanja wa wananchi. Mama, unajua unachokisema?"

"Najua. Mimi ni Hajira binti Sadala. Baba yangu alikuwa nyapara hapa hapa. Aliniozesha kwa Ikbal kwenye nyumba ile ya pili kutoka kiwandani."

"Una shahidi?"

"Sina. Shehe amekufa, baba amekufa, mashahidi walikuwa manamba, wameshakwenda kwao. Amebaki huyo." Alimgeukia Ikbal. "Akisema mimi mwongo, naondoka, na sitafungua mdomo tena maisha yangu. Lakini aseme yeye. Wanasema husubiri refa, Ikbal. Mimi ni mkeo, au ni mwongo?"

Ikbal alimtazama Haji Latifu, akatazama meza, akatazama watu wa jua waliokuwa wamesogea hadi kwenye kamba za turubai.

"Hajira," alisema chini chini, "tuzungumze pembeni."

"Pembeni nimekaa miaka saba."

"Hapa si mahali pake..."

"Ikbal." Hiyo ilikuwa sauti ya Nargis. Msichana mwembamba, miwani usoni, hakuwa amesogea kwenye kiti chake. "Kakuuliza swali fupi. Jibu."

Mtu alikohoa, akanyamazishwa.

"Ni mke wangu," alisema Ikbal.

"Sauti!" walipiga kelele walioko nyuma.

"Ni mke wangu!" Uso wake ulikuwa umelowa. "Nilimwoa hapa. Mzee Sadala ndiye aliyeniozesha. Sijamwacha."

"Na mtoto?" Hajira aliuliza. "Maliza."

"Mtoto ni wangu." "Barua uliyoniletea Bombei ilinifikia. Nilijua tangu alipozaliwa."

Hapo ndipo Hajira alipoumia. Miaka yote alijidanganya kwamba barua ilipotea baharini.

Haji Latifu alitupa kipaza sauti mezani, kikapiga yowe. Alitoka bila kuaga mtu. Nargis alivua pete, akaiweka kwenye sahani ya Ikbal, kando ya sambusa. Alipopita mbele ya Hajira akasimama.

"Dada, ungechelewa wiki moja tu, tungekuwa wawili tunaolia."

*

Jua lilikuwa bado halijazama Ikbal alipofika Kilole kwa miguu, na nguo zake zile zile nyeupe zenye madoa ya majani. Grasiana alimfungulia mlango, akamtazama kuanzia juu mpaka chini.

"Pita. Chai hakuna."

Hajira alikuwa uani. Hakuinuka.

"Nimesema, Hajira. Mbele ya watu wote, kama ulivyotaka. Nimepoteza kila kitu leo."

"Hujapoteza. Vilikuwa vya watu, umevirudisha."

"Kwa nini hukwenda kwa kadhi akuachishe? Miaka saba!"

"Kwa sababu nilikuwa nakupenda, na upumbavu hauna dawa. Na wewe, kwa nini hukujibu barua?"

Ikbal alikaa chini kwenye vumbi. "Mwanzo niliogopa baba atanikatia fedha. Halafu nikachaguliwa, nikaogopa watanitoa. Halafu nikawa na jina, nikaogopa jina. Kila nilipopiga mia nilisema, sasa nina nguvu, sasa nitaandika. Nikapiga nyingine."

"Na mwanao anaitwa haramu."

"Twende wote Bombei. Wewe na Zamda. Timu inaondoka Ijumaa. Nakupenda, Hajira, sijaacha."

Alisema kweli. Hajira aliliona hilo machoni mwake, na ndilo lililomwogopesha zaidi.

"Leo umesema kwa sababu nilikubana. Nisingekuja, wiki ijayo ungekuwa kwenye kiti cha bwana harusi. Sitaki mume wa kubanwa. Kesho utapanda lori twende Handeni, umwambie baba mdogo maneno yale yale. Halafu nataka khului. Mahari yako ilikuwa cherehani. Nakurudishia, uniache."

"Cherehani ndiyo inayowalisha! Laurenti kaniambia."

"Ndiyo maana nakurudishia hiyo. Nikikuomba talaka tu, unaweza kunirejea kesho bila kuniuliza. Nikijikomboa kwa mahari, huwezi kunigusa mpaka nikubali upya kwa mdomo wangu."

"Hajira, usinifanyie hivi."

"Lori ni saa moja asubuhi."

*

Huko Handeni, Mzee Muhidini alisikiliza hadi mwisho. Alivua kofia, akaiweka magotini.

"Kaka hakuniambia," alisema hatimaye. "Kaka hakuniambia, na mimi nikamtesa mwanawe." Akamwita Zamda, akamweka karibu yake mbele ya watu. "Huyu ni Zamda binti Ikbal. Atakayemwita vingine ana kesi na mimi."

Mama Mashavu alifuta macho kwa upande wa kanga, kisha akamgeukia Ikbal. "Na wewe, baba, umeiva jua kidogo. Lakini hujaiva akili."

Khului ikapita. Cherehani ikafungwa kwa kamba juu ya lori, na Hajira akaitazama ikiondoka kama anayemsindikiza mgonjwa. Msimu ule alishika jembe kwenye shamba la kijiji pamoja na wenzake, mikono ikatoka malengelenge.

Ijumaa timu ilipaa. Jumapili Ikbal akaja Handeni, kavaa suruali ya kaki na malapa. Hajira alidhani amechelewa ndege. Jumapili iliyofuata akaja tena. Hakuomba kitu. Alikaa barazani na Zamda, akamsikiliza akisoma herufi, akala alichopewa, akaondoka na lori la jioni. Mama Mashavu alianza kwa kumnunia, akaja kumwachia ugali mkavu, na mwisho akawa anamchinjia kuku huku akidai kuku huyo alikuwa mgonjwa.

Siku moja, mvua za vuli zimeshaanza, redio ya jirani ilitangaza timu ya India ya msimu mpya. Hajira alisimama na jembe lake njiani, akasikiliza majina yote. La Ikbal Jusab halikuwamo.

Jumapili akamsubiri kituoni.

"Wamekuacha. Ni fitina ya Haji Latifu?"

"Hapana. Waliniletea simu ya maandishi dukani kwa baba."

"Inasemaje?"

"'Umechaguliwa. Jibu upesi.' Nikajibu: 'Asanteni. Siji.'"

"Una wazimu? Wewe kazi yako ndiyo hiyo!"

"Nawafundisha vijana wa Ngombezi kupiga mpira. Asubuhi nafungua duka. Baba ameninunia, lakini mizani kaniachia."

"Nani kakwambia ukatae?"

"Hakuna."

"Mama yangu?"

"Hata hajui."

"Mimi nimekubana?"

"Hujanibana, Hajira. Hata leo hujanibana. Ukiniambia nipande lori nirudi, napanda, na Jumapili nakuja kumwona mwanangu."

Hajira alimtazama. Alikuwa amekonda shingoni. Mvua ilianza kunyesha matone makubwa, na hakuna kati yao aliyekimbia.

"Cherehani iko wapi?"

"Dukani. Sijaiuza. Naipaka mafuta."

"Ilete. Lakini usije peke yako kama mtu anayedai deni. Mlete baba yako, Mzee Jusab mwenyewe, akae kwenye mkeka wetu anywe maji yetu. Halafu nendeni kwa Baba Muhidini mkanipose kwake."

"Na akikataa baba yangu?"

"Basi mbebe."

Ikbal alicheka, na kicheko kikamkatikia njiani, kikawa kilio.

"Ndoa iwe mchana," Hajira alimaliza, akijipangusa mvua usoni. "Madirisha wazi. Na nikiulizwa kama nimekubali, nataka hata walio mbali kule Mnyuzi wanisikie."