Kapasita Mbili za Pampu ya Mama Dobi

Mama Dobi hufua mashuka ya zahanati. Kila Jumatatu asubuhi huletewa mashuka arobaini machafu. Jumanne saa nane mchana dereva huja kuyachukua. Maji huvutwa kisimani kwa pampu ya umeme, yakaingia kwenye mapipa mawili uani.

Jumatatu moja pampu iligoma. Ilinguruma tu, haikuzunguka. Mumewe, ambaye ni seremala, aliichomoa kwenye umeme, akafungua kisanduku cha pampu. Kapasita ilikuwa imevimba kama shavu lenye jino bovu.

Kapasita ni kikopo kinachotunza chaji ya umeme na kuisaidia mota kuzunguka. Ubavuni iliandikwa 20, volti 450. Hiyo ishirini ni ukubwa wake, kwa kipimo cha maikrofaradi.

Seremala alichukua kapasita mbili za feni mbovu. Kila moja ilikuwa ya 10, volti 250.

"Nitaziunga pamoja," alisema. "Kumi na kumi, ishirini. Mia mbili hamsini mara mbili, mia tano. Tena tumepata na nyongeza."

"Hizo hesabu mimi sizijui," alisema mkewe. "Najua mashuka yasipokuwa tayari kesho, kazi anapewa mwingine. Ngoja nimwite mdogo wangu."

Mdogo wake ni fundi wa kusuka upya nyaya za mota, anakaa nyumba ya tatu. Alikuja na mfuko wa vifaa, akazitazama zile kapasita za feni.

"Shemeji, umechoka kukaa na dada yangu mpaka unataka kumlipua?"

"Kosa langu liko wapi?"

"Nusu ya hesabu yako ni sawa. Njoo kwenye mapipa."

Mapipa yale yaliunganishwa kwa bomba chini, na maji yaliyobaki ndani hayakutosha kufulia. Moja lilikuwa nene, jingine jembamba.

"Maji yamesimama wapi?" aliuliza fundi.

"Usawa mmoja."

"Lipi lina maji mengi?"

"Hilo nene."

"Basi. Maji ni chaji. Kimo cha maji ni volti. Kapasita zikiungwa sambamba, zote hupata volti ileile. Chaji ndiyo hujumlishwa, kila moja ikibeba kwa ukubwa wake."

"Na volti haijumlishwi?"

"Ukiweka mapipa mawili mafupi kando kwa kando, umepata pipa refu?"

Seremala alijikuna kidevu. "Hapana. Yatafurika yote."

"Na hizi zako zingepasuka. Kwenye mota hii kila moja ingepata volti zaidi ya mia tatu."

Seremala alinyoosha mkono aitoe kapasita iliyovimba. Fundi alimshika kiganja.

"Usiguse. Pampu imechomolewa, lakini chaji inaweza kubaki humu."

Aligusisha nyaya mbili za balbu kwenye miguu ya kapasita mpaka chaji ikaisha. Ndipo akaitoa. Mfukoni mwake hakuwa na ya ishirini. Alikuwa na ya 15 na ya 5, zote za volti 450. Akaziunga sambamba.

"Hii kubwa itabeba chaji mara tatu ya ndogo," alisema. "Volti zao ni sawa."

Akafunga kisanduku, akachomeka waya. Pampu ikazunguka. Mama Dobi alikuwa ameshakunja mikono ya gauni, beseni la kwanza liko chini ya bomba la pampu.

Jumanne saa nane dereva aliyakuta mashuka arobaini yamekauka na kukunjwa. Aliyapakia garini. Kisha akashusha furushi jingine.

"Haya ni mapazia," alisema. "Wamesema nayo uwe unafua wewe."